Kutoka Muhuri wa Posta hadi Ubao wa Mashua: Kuunda Fonti Mpya ya Kiswahili kwa Herufi Kongwe za Kisiwa cha Mafia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna fonti mpya inavyoweza kuundwa kutokana na herufi kongwe, kwa kutumia Kisiwa cha Mafia kama mfano. Hazina mbili za herufi zinachunguzwa: mihuri iliyogongwa kwenye stempu za Mafia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na majina yanayoandikwa kwa brashi kwenye vyombo vya baharini. Hoja kuu ni kwamba herufi kongwe huipa fonti sura yake, lakini lugha ndiyo inayoipa ukamilifu na kipimo. Fonti iliyoiga umbo la zamani kwa uaminifu lakini ikashindwa kuandika “kwa wavuvi wa ng’ambo” bila mapengo haijawa fonti ya Kiswahili. Makala yanaeleza pia hatua za kazi hiyo na suala la haki za mafundi waliochora herufi za asili.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hukutana na fonti kila siku: katika kitabu cha shule, tiketi ya boti, jina la kanga, gazeti na ujumbe wa simu. Fonti ni seti kamili ya herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama za uandishi zilizochorwa kwa sura moja, kiasi kwamba neno lolote likiandikwa nazo huonekana limetoka mkono mmoja. Mara nyingi msomaji haioni. Huona maneno tu. Ndiyo maana swali la nani alizichora herufi hizo, na kwa ajili ya lugha gani, huulizwa kwa nadra.

Swali hilo lina uzito kwetu. Tangu Kiswahili kilipoanza kuchapwa kwa herufi za Kirumi, kimechapwa kwa sehemu kubwa kwa herufi zilizobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine. Wabunifu wa nje walipotaka herufi “zenye sura ya Kiafrika” walitumia mara nyingi Neuland, iliyochongwa na Rudolf Koch nchini Ujerumani mwaka 1923, au Lithos, iliyochorwa na Carol Twombly wa Marekani mwaka 1989 kwa kuangalia maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale. Fonti zote mbili ni kazi nzuri kwa malengo yake, lakini asili yake haiko Afrika. Zimebandikwa kwenye majalada ya vitabu na matangazo ya utalii kuhusu Afrika hadi watu wakazizoea.

Wapo waliolijibu suala hili kutoka barani. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe alianzisha mwaka 1999 chuo cha usanifu wa michoro mjini Harare, na mwaka 2004 alichapisha kitabu kuhusu mifumo ya maandishi ya Afrika. Makala haya yanafuata njia hiyo katika eneo dogo. Yanauliza: mtu akitaka kuunda fonti mpya kutokana na herufi kongwe za Mafia, ataanzia wapi, na ataishia wapi?

2.0 Maana ya Kufufua Herufi

Kuunda fonti mpya kwa kuangalia herufi za zamani ni desturi ya muda mrefu katika uchapaji. Wachapaji wa Ulaya walikuwa wakitoa sampuli, yaani karatasi au vitabu vilivyoonyesha herufi walizokuwa nazo kwa ukubwa mbalimbali ili mteja achague. William Caslon alitoa sampuli yake maarufu mjini London mwaka 1734. Sampuli za aina hiyo ziligeuka kuwa hazina kwa vizazi vilivyofuata. Mwaka 1913 kampuni ya Monotype ilitoa fonti ya Plantin, iliyotokana na herufi za karne ya 16 zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Antwerpen. Mwaka 1929 kampuni hiyohiyo ilitoa Bembo, iliyofuata herufi zilizotumika Venice mwaka 1495.

Si lazima chanzo kiwe kitabu. Fonti ya Gotham, iliyochorwa na Tobias Frere-Jones mwaka 2000, ilitokana na herufi za kawaida zilizobandikwa kwenye majengo ya jiji la New York. Mafundi walioziweka hawakujiona wasanii. Walitaka tu jina la jengo lisomeke. Mfano huu ni muhimu kwa Mafia, kwa sababu kisiwa hiki hakikuwa na kiwanda cha herufi, lakini kimekuwa na herufi.

Ufufuaji una mtego wake. Herufi tuionayo kwenye karatasi ni matokeo ya vitu vitatu: umbo lililokusudiwa, chombo kilichotumika na ajali ya wakati wa kuchapa. Wino hutambaa, mpira wa muhuri huchakaa, karatasi hunyonya. Bembo ilipohamishiwa kwenye kompyuta ililaumiwa kwa kuwa nyembamba kuliko ilivyoonekana katika vitabu vya awali, ambako wino uliinenepesha kila herufi wakati wa kuchapa. Mwaka 2005 Monotype ilitoa toleo lingine lililokusudiwa kurudisha unene huo. Hivyo basi, mfufuaji hana budi kuamua mapema ni kipi atakichukua kama herufi na ni kipi atakiacha kama doa.

3.0 Hazina ya Kwanza: Mihuri ya Stempu za Mafia

Mafia iliwekwa chini ya Ujerumani kwa makubaliano ya mwaka 1890. Januari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yalikiteka kisiwa. Kutoka hapo zilirushwa ndege zilizosaidia kuitafuta manowari ya Kijerumani ya Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji na kuangamizwa Julai 1915.

Watawala wapya walikuta stempu za Kijerumani, na badala ya kuzitupa walizigonga muhuri juu yake. Kwanza uligongwa muhuri uliosomeka “G.R. MAFIA”. Herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya Mfalme George. Baadaye stempu za kodi za Kijerumani ziligongwa muhuri wa mviringo wenye maneno “O.H.B.M.S. MAFIA”, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya utumishi wa mfalme wa Uingereza. Kisha stempu za jeshi la India lililotumwa vitani ziligongwa maneno “G.R. POST MAFIA”. Leo stempu hizo hutafutwa sana na wakusanyaji duniani, lakini zimejadiliwa zaidi kama mali adimu kuliko kama maandishi.

Kwa mtazamo wa uchapaji, mihuri hii ni sampuli fupi ya herufi iliyotumika kisiwani. Tukizihesabu herufi zake tunapata G, R, M, A, F, I, O, H, B, S, P na T. Ni herufi 12. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, tukiihesabu “ch” kuwa moja. Kwa hiyo mihuri ya Mafia inatupa nusu kamili ya alfabeti, na nusu iliyobaki haipo: Ch, D, E, J, K, L, N, U, V, W, Y na Z.

Upungufu huu unafundisha jambo. Kwa herufi hizo 12 tunaweza kuandika BAHARI, SAFARI, POSTA na BAHASHA. Hatuwezi kuandika KISIWA, BARUA wala JINA. Hatuwezi kuandika CHOLE, iliyokuwa makao ya utawala kabla ya kuhamishiwa Kilindoni, na Kilindoni yenyewe hatuiwezi. Hata maneno madogo yanayoifunga sentensi ya Kiswahili, kama NA, YA, WA na KWA, yako nje ya uwezo wake. Muhuri uliletwa kulitaja jina la mahali, haukuletwa kuzungumza na wenyeji wake.

Mfufuaji atalazimika kubuni nusu ya pili kutokana na nusu ya kwanza. E huzaliwa na F kwa kuongezewa mkono wa chini. D huchukua mgongo wa B na kuunganisha matumbo yake mawili kuwa moja. C hukatwa kutoka G. N na U hufuata upana wa H. Mguu wa K unaweza kuazimwa kutoka mguu wa R. V ni ndugu wa A iliyogeuzwa, ingawa haitoshi kuipindua tu, kwa kuwa jicho huona unene wa juu na wa chini kwa namna tofauti. W ndiyo ngumu kuliko zote. Mchoraji asiye makini huchukua M na kuigeuza juu chini, akapata W pana na nzito. Katika Kiingereza kosa hilo lingesamehewa. Katika Kiswahili W hujitokeza karibu kila mstari.

4.0 Hazina ya Pili: Majina ya Vyombo

Hazina ya pili iko ufukweni. Mashua na majahazi yanayofika Kilindoni, pamoja na vyombo vinavyoundwa na mafundi wa Jibondo na Chole, hubeba majina yaliyoandikwa kwa brashi kwenye omo au tezi. Sehemu kubwa ni herufi kubwa za Kirumi.

Herufi hizi zina mantiki yake. Kimo chake huamuliwa na upana wa ubao, na mstari wake hufuata mkunjo wa chombo, hivyo jina huonekana likipanda kidogo kuelekea gubeti. Mistari yake ni minene, kwa kuwa jina linapaswa kusomeka kutoka mbali, juani, chombo kikiyumba. Brashi bapa huacha ncha zilizokatwa wima badala ya vikato vidogo vya mapambo vinavyoonekana miguuni mwa herufi za vitabu. Mara nyingi fundi huongeza kivuli upande mmoja kwa rangi ya pili, na kivuli hicho hubaki upande uleule kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwishoni mwa jina refu herufi huanza kubanana, kwa kuwa fundi amegundua kwamba ubao unakwisha. Mbano huo ni ajali, lakini upana wa herufi zilizotangulia ni uamuzi.

Tatizo la hazina hii ni kwamba haikai. Chombo kinapopandishwa pwani hukwanguliwa, hutiwa kalafati na kupakwa rangi upya, na jina huandikwa tena, pengine na mkono mwingine. Mwandishi wa makala haya alilipiga picha jina la mashua moja akiwa amesimama pembeni, bila kuweka kipimo chochote, akiamini kwamba angerudi na futi kamba. Aliporudi, ubao ulikuwa umepakwa buluu mpya na herufi za awali zilikuwa chini ya rangi. Picha iliyobaki inaonyesha uzuri wa herufi, lakini haiwezi kueleza uwiano wa kimo na unene wake. Tofauti na sampuli ya Caslon, inayoweza kusubiri maktabani kwa karne tatu, sampuli ya pwani husubiri hadi msimu wa ukarabati tu.

Ni vyema kukumbuka kwamba herufi za Kirumi si za kwanza kufika Mafia. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu, zimepatikana kisiwani, na Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa Kirumi. Jambo hilo linastahili fonti yake yenyewe, yenye herufi za sauti kama p, ch, g na v kama zilivyoandikwa na waandishi wa pwani. Kuzipindapinda herufi za Kirumi ili zifanane na Kiarabu kwa mbali hakutimizi haja hiyo. Huko ni kurudia kosa la Neuland kwa vazi jingine.

5.0 Lugha kama Kipimo

Wamisionari wa UMCA walifika Zanzibar mwaka 1864, na chini ya Edward Steere walianzisha uchapaji ambamo vijana wa shule walifundishwa kupanga herufi za risasi. Jarida la Msimulizi lilianza kutolewa huko mwaka 1888. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Herufi za risasi za zama hizo zilitoka Ulaya, na viwanda vilifunga idadi ya kila herufi kwa kufuata mahitaji ya lugha za huko.

Chukua sentensi rahisi: “Wavuvi wa Jibondo wanakwenda Kilindoni kuuza samaki.” Ina herufi 45. Kati ya hizo, a ni 8, i ni 6, n ni 5, w ni 4 na k ni 4. Herufi w na k pekee zinalingana na a kwa idadi, ilhali katika lugha nyingi za Ulaya ni herufi za nadra. Mpangaji wa herufi aliyenunua kasha lililokusudiwa Kiingereza angeishiwa na k na w mapema, huku q na x zikibaki na vumbi. Kwa mihuri ya Mafia, sentensi hiyohiyo ingeandikika herufi 20 tu kati ya 45.

Kompyuta imeondoa tatizo la kuishiwa, lakini imebakisha tatizo la nafasi. Herufi zenye mistari ya kuinama, kama A, V, W na Y, zikikaa jirani huacha mapengo. Mbunifu hurekebisha jozi hizo moja baada ya nyingine. Katika Kiswahili jozi za WA, AV, YA na KWA haziwezi kuachwa mwishoni mwa orodha. Neno WAVUVI kwa herufi kubwa, kama linavyoweza kuandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ushirika, huonekana limekatika vipande viwili ikiwa jozi hizo hazikushughulikiwa.

Ritifaa ya ng’ ni mtihani mwingine. Katika “ng’ombe” na “ng’ambo” alama hiyo ni sehemu ya herufi, wala si alama ya kunukuu. Ikichorwa pana mno hulikata neno. Ikibanwa mno hugusa g. Katika NG’AMBO ritifaa hukaa kando ya mteremko wa A na kuacha shimo. Baadhi ya programu pia huliona neno hilo kuwa maneno mawili. Mbunifu hana uwezo juu ya kila programu, lakini nafasi ya ritifaa iko mikononi mwake.

Sampuli za kale za Ulaya zilizoea kuonyesha herufi kwa maneno ya hotuba ya Kilatini ya Cicero. Herufi zilizopimwa kwa Kilatini zilithibitisha kwamba zinafaa Kilatini. Sampuli ya fonti ya Kiswahili inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili: kwa majina ya vijiji, orodha za bei, majedwali ya boti na aya ndefu zenye vitenzi vinavyobeba viambishi vingi katika neno moja.

6.0 Hatua za Kazi

Kutokana na maelezo hayo, kazi inaweza kupangwa katika hatua tano. Hatua ya kwanza ni kukusanya. Kila jina lipigwe picha kwa kusimama mbele yake moja kwa moja, futi kamba ikionekana pichani, na iandikwe tarehe, mahali na, akiridhia, jina la fundi. Hatua ya pili ni kulinganisha. Herufi A tano za fundi mmoja hazifanani, na kinachotafutwa ni kile kinachojirudia katika zote. Hatua ya tatu ni kuchora kwa programu kama FontForge, ambayo hupatikana bure, kwa kuanza na herufi chache kama H, O, A na N zinazoweka upana, unene na mkunjo wa nyingine zote. Hatua ya nne ni kukamilisha, yaani kubuni herufi ndogo, tarakimu na alama ambazo ubao wa mashua hauna. Hatua ya tano ni kupima kwa maandishi halisi, kwenye karatasi na kwenye simu ya bei nafuu, kwa kuwa ndiko wasomaji wengi watakakoikuta.

Katika hatua ya nne mbunifu aseme wazi kipi amekirithi na kipi amekibuni. Kuficha mpaka huo ni kumpa fundi wa pwani sifa, au lawama, isiyomhusu.

7.0 Haki za Mafundi na Watumiaji

Fundi aliyeandika jina la mashua alilipwa na mwenye chombo kwa kazi ya siku moja. Fonti iliyotokana na mkono wake inaweza kuuzwa kwa miaka mingi mahali asipopajua. Hivyo ridhaa yake iombwe kabla ya kupiga picha, jina lake litajwe ndani ya fonti akipenda, na kama kuna mapato, sehemu yake ijulikane mapema.

Kwa watumiaji, leseni huria ni njia inayofaa. Shirika la SIL lilitoa leseni ya aina hiyo mwaka 2005, inayomruhusu yeyote kuitumia fonti, kuirekebisha na kuisambaza. Shirika hilo ndilo lililotoa pia fonti iitwayo Andika, iliyopewa jina la Kiswahili na kukusudiwa wanaojifunza kusoma. Fonti ya Mafia ikitolewa kwa leseni kama hiyo, mwalimu wa Kilindoni ataweza kuchapa mtihani kwa herufi za kisiwa chake bila kulipa, na fundi kijana ataweza kuongeza herufi iliyosahauliwa. Leseni huria, hata hivyo, haiondoi wajibu wa kumtambua fundi wa kwanza. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Mafia ina hazina mbili za herufi zenye tabia tofauti. Mihuri ya 1915 imehifadhiwa vizuri na wakusanyaji, lakini ina nusu tu ya alfabeti na haikukusudiwa kuandika Kiswahili. Majina ya vyombo yameandikwa na watu wa pwani kwa ajili ya watu wa pwani, lakini hufutwa kila chombo kinapokarabatiwa. Ya kwanza inaweza kusubiri, ya pili haiwezi.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba uwekaji wa kumbukumbu za majina ya vyombo uanze kabla ya kazi ya kubuni fonti, na kwamba fonti yoyote itakayotokana nazo ipimwe kwa sentensi za Kiswahili tangu siku ya kwanza. Utafiti unaofuata unaweza kuanza na jambo dogo: futi kamba, daftari, na idhini ya nahodha kabla mashua haijapakwa rangi mpya.